Kiti Kimoja, Visiwa Vingi

Barua ya wazi kwa wajumbe wa Tanzania katika majadiliano ya kimataifa ya tabianchi na bahari

Waheshimiwa,

Nakwenda moja kwa moja kwenye ombi. Nyinyi mnaotuwakilisha New York, Geneva, London na kwenye mikutano ya kila mwaka ya tabianchi, naomba mzitetee nchi za visiwa vidogo kama mnavyotetea jambo la nyumbani kwenu. Hotuba za ufunguzi tumezisikia, na ni nzuri. Ninachokiomba kinahusu saa za baadaye, pale rasimu inapojadiliwa aya kwa aya, usiku wa manane, wakati wajumbe wengi wameshakwenda kulala au wameshaelekea uwanja wa ndege.

Naandika nikiwa Mpemba. Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1963, siku moja na Kenya. Tarehe 26 Aprili 1964 ikaungana na Tanganyika, na tangu hapo kiti kimekuwa kimoja. Sidai kiti cha pili. Nawakumbusha tu jinsi mambo yalivyopangwa: mazingira si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, mambo ya nje ni jambo la Muungano. Kwa hiyo mkulima wa mpunga wa Pemba ambaye bonde lake limeingiwa na maji ya chumvi hana wa kumsemea mbele ya mataifa isipokuwa nyinyi. Wanawake wa Paje na Jambiani, ambao mwani mnene umewafia kwa joto la maji wakabaki na ule mwembamba wenye bei ndogo, hawana balozi mwingine. Watu wa Mafia, waliofikiwa na kimbunga Hidaya Mei 2024, nao wako kwenye kapu hilo hilo, ingawa wao ni wa upande wa Bara. Mkomoro ana balozi wake. Mshelisheli anaye. Mtu wa Vanuatu, nchi yenye watu laki tatu na ushei, anaye, na amefika naye mahali ambapo nchi nyingi kubwa hazijafika.

Wamefikaje? Hilo ndilo nataka tulitazame pamoja, maana naamini mna mengi ya kuchukua hapo, na mna kitu cha kuwapa ambacho wao hawana.

Muungano wa nchi za visiwa vidogo, unaojulikana kwa jina la AOSIS, uliundwa Geneva mwaka 1990. Aprili 1987 mawimbi makubwa yalikuwa yameingia Malé, mji mkuu wa Maldivi, na Oktoba mwaka huo Rais Maumoon Abdul Gayoom akasimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akazungumzia uwezekano wa taifa zima kufa. Novemba 1989 akaziita nchi ndogo kwake zijadili kupanda kwa kina cha bahari. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mkutano wa pili wa dunia wa tabianchi, zikakubaliana kuzungumza kwa kauli moja. Leo ni nchi 39 za Karibi, Pasifiki, Atlantiki na Bahari ya Hindi. Watu wake wote wakijumlishwa hawafiki asilimia moja ya watu wa dunia.

Mwenyekiti wake wa kwanza hakuzaliwa kwenye kisiwa chochote kati ya hivyo. Robert Van Lierop alikuwa mwanasheria Mmarekani mweusi, na Vanuatu ilimteua awe balozi wake katika Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza filamu juu ya vita vya ukombozi vya FRELIMO, chama kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962. Nalitaja hili kwa makusudi. Mtu aliyeziongoza nchi za visiwa katika miaka yao ya mwanzo ya kudai kwa pamoja alikuwa amepita kwenye mapambano ambayo nchi yetu iliyabeba. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar, aliiongoza kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni kuanzia 1972, katika miaka ambayo Komoro na Ushelisheli zilikuwa zinasubiri uhuru wao. Na wazo la kila nchi ya pwani kuwa na ukanda wa kiuchumi wa maili 200 baharini liliwasilishwa rasmi na Kenya mwaka 1972, kwa kazi ya mwanadiplomasia wake Frank Njenga. Kiribati ina nchi kavu ya kilomita za mraba mia nane hivi. Kwa sheria hiyo ina bahari ya zaidi ya kilomita za mraba milioni tatu. Samaki wanaoilisha bajeti yake wanatoka humo. Afrika Mashariki basi haikai na visiwa kama mgeni. Tuliwahi kuandika sheria ambazo wao wanaziishi hadi leo.

Sasa niwaeleze kilichonivutia zaidi, nacho ni uvumilivu wao.

Mwaka 1991, mkataba wa tabianchi ukiwa bado haujaandikwa, Vanuatu kwa niaba ya wenzake ilipendekeza kuwepo mfuko wa bima wa kimataifa: nchi tajiri zichangie kwa kadiri ya pato lao na ya hewa chafu wanayoitoa, nchi ya kisiwa ikimezwa na bahari ilipwe. Pendekezo likakataliwa. Wangeweza kuliacha hapo. Wakalirudisha kwa maneno mengine, mwaka baada ya mwaka, mkutano baada ya mkutano. Mwaka 2013 pale Warsaw wakapata chombo cha kushughulikia hasara na uharibifu, chombo kisicho na fedha. Mwaka 2015 pale Paris wakapata ibara nzima ya Mkataba wa Paris, ya 8, ingawa nchi tajiri zilihakikisha uamuzi ulioambatana nayo unasema kwamba ibara hiyo haifungui mlango wa dhima wala fidia. Novemba 2022 pale Sharm el-Sheikh, Kundi la 77, yaani umoja wa nchi zinazoendelea, likiwa limesimama pamoja chini ya uenyekiti wa Pakistan iliyokuwa imetoka kuzama kwa mafuriko, mfuko ukakubaliwa. Kutoka 1991 hadi 2022 ni miaka 31. Kuna mabalozi walioanza kazi hiyo wakastaafu kabla ya kuona matunda yake, lakini aya waliyoiandika ilikabidhiwa kwa aliyefuata, naye akaijua kwa moyo.

Namba 1.5 nayo ina historia inayofaa kusomwa na kila kijana anayeingia Wizara ya Mambo ya Nje. Copenhagen, mwaka 2009, wakubwa walikuwa wameshaamua kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 2 zaidi ya zamani za kabla ya viwanda si neno. Visiwa vikasema hapana, mwisho uwe nyuzi 1.5. Afrika nayo ilisema hivyo, na Lumumba Di-Aping wa Sudan, aliyekuwa akilisemea Kundi la 77, alisema wazi kwamba nyuzi 2 kwa Afrika ni kifo. Tulishindwa. Nyuzi 2 ndiyo iliyoandikwa. Lakini mwaka uliofuata, Cancún, visiwa vilishikilia sentensi moja ambayo wengi hawakuipa uzito: kwamba lengo hilo litapitiwa upya kwa ushahidi wa kisayansi kati ya 2013 na 2015, na kwamba nyuzi 1.5 itazingatiwa. Wataalamu wakakaa, wakapima, na mwaka 2015 ripoti yao ikasema nyuzi 2 hazipaswi kuchukuliwa kuwa mpaka wa usalama. Kwa hiyo walipofika Paris mwezi Desemba, hoja ya visiwa haikuwa tena kilio cha wanyonge. Ilikuwa matokeo ya mapitio ambayo hao hao wakubwa waliyakubali. Tony de Brum wa Visiwa vya Marshall akakusanya nchi tajiri na maskini kwenye kundi moja la wenye nia, na namba 1.5 ikaingia kwenye Ibara ya 2 ya Mkataba wa Paris.

Sentensi ile ya Cancún ndiyo kazi ya diplomasia ninayoizungumzia. Haikupigiwa makofi na mtu. Aliyeiandika alijua kwamba ameshindwa raundi ile, akaacha mlango ambao angepitia baada ya miaka mitano.

Kitu cha pili ni namna wanavyogawana kazi. Balozi za nchi hizi pale New York mara nyingi zina watu wachache mno, na kwenye mkutano wa tabianchi vyumba vya majadiliano vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja ni vingi kuliko wajumbe wao. Wakawa kama wavuvi wa juya: kila mmoja na kamba yake, wote wavu mmoja. Mjumbe wa nchi moja anashika fedha kwa niaba ya zote, wa nchi nyingine anashika misitu, mwingine sheria, na anayeshika mada huishika kwa miaka. Muungano wenyewe hauna hata katiba rasmi. Unaendeshwa kwa mashauriano kutoka kwenye balozi ya nchi iliyo mwenyekiti. Wanasayansi na wanasheria wa kuwasaidia wanawatafuta nje bila ya kuona haya. Nguvu yao yote iko kwenye kujua faili.

Na pale mazungumzo yalipokwama, walikwenda mahakamani. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini walipeleka kwa viongozi wao wazo la kuiuliza Mahakama ya Kimataifa ya Haki wajibu wa nchi ni upi kuhusu tabianchi. Vanuatu ikalichukua. Ikajenga kundi la nchi 18 za kuandika azimio, Uganda na Msumbiji zikiwemo, na tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likalipitisha bila ya kura kupigwa. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wa The Hague wakatoa maoni yao kwa kauli moja: nchi zina wajibu wa kisheria, na kuukiuka kunaweza kuwa kosa linaloleta dhima, pamoja na kulipa. Wakaongeza jambo ambalo kwa mtu wa kisiwa ni kubwa kuliko fedha, kwamba nchi ikipoteza ardhi yake si lazima ipoteze na utaifa wake. Kabla ya hapo, Mei 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria za Bahari kule Hamburg, ambayo Jaji Joseph Warioba alikuwa mmoja wa majaji wake wa mwanzo, ilikuwa imeshasema kwamba hewa ukaa inayoingia baharini ni uchafuzi wa bahari. Aliyeomba maoni hayo ni tume iliyoanzishwa na Antigua na Barbuda pamoja na Tuvalu mwaka 2021. Tuvalu ina watu kama elfu kumi na moja. Ziko shehia hapa kwetu zinazokaribia idadi hiyo.

Siwafanyi watu hawa malaika. Mwaka 2019 Baraza Kuu lilipoitaka Uingereza iondoke Visiwa vya Chagos, ambavyo Morisi inadai ni vyake, nchi 116 ziliiunga mkono Morisi na 6 tu zikapinga. Miongoni mwa hizo 6 ilikuwamo Maldivi, jirani yake, kwa sababu ya ugomvi wao wa mpaka wa bahari. Leo nchi hizi za visiwa zimegawanyika juu ya uchimbaji wa madini chini ya bahari kuu. Umoja wao ni wa mambo waliyoyachagua, na yale ambayo hawajakubaliana wanayaweka pembeni. Lakini suala la Chagos ninalitaja kwa sababu nyingine pia. Ombi lililopelekea maoni ya Februari 2019 ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki juu ya visiwa hivyo lilibebwa na Kundi la Afrika. Umoja wa Afrika ulikwenda The Hague kutoa hoja zake. Rais wa Mahakama aliyeyasoma maoni hayo alikuwa Abdulqawi Yusuf wa Somalia. Mei 2025 Uingereza ikatia saini mkataba wa kurudisha visiwa hivyo, na kubaki na kimoja chao, Diego Garcia, kwa kukodi miaka 99. Wachagosi waliofukuzwa majumbani mwao hawakuridhika nao, na wana haki ya kutoridhika. Hata hivyo Morisi peke yake isingefika hata hapo. Afrika iliposimama nyuma ya kisiwa, dola kubwa ililazimika kukaa mezani.

Ndiyo sababu naandika kwenu sasa. Kwa mwaka 2025 na 2026 Tanzania ndiyo mwenyekiti wa Kundi la Majadiliano la Afrika katika masuala ya tabianchi, kupitia Dkt. Richard Muyungi, mtu anayeyajua mazungumzo haya kwa miaka mingi. Mwaka 2027 mkutano mkuu wa tabianchi unakuja Addis Ababa. Nafasi ya namna hii haipatikani mara kwa mara. Na lazima niseme, kwa heshima zote, kwamba yako mambo ambayo Afrika na visiwa vimekuwa vikivutana, na Tanzania ina uwezo wa kuyalegeza.

La kwanza ni lile dai la siku nyingi la Afrika kutambuliwa kuwa na mahitaji na mazingira maalumu. Najua chimbuko lake. Afrika imetoa hewa chafu kidogo sana na inaumia sana, na Mkataba wa Paris unapotaja walio hatarini zaidi unataja nchi zenye maendeleo duni na visiwa vidogo, bara zima halitajwi. Inauma. Lakini tazameni nini hutokea kila dai hilo linaporudi kwenye ajenda. Visiwa vinaogopa nafasi yao kumezwa, Amerika ya Kusini nayo inataka itajwe, siku za mwanzo za mkutano zinakwisha tunabishana sisi kwa sisi, na wale wenye deni wanapumzika. Zaidi ya nchi 30 za Afrika, Tanzania ikiwemo, tayari zimo kwenye orodha ya maendeleo duni. Komoro na São Tomé na Príncipe ni Waafrika na ni wanavisiwa kwa wakati mmoja. Rai yangu ni kwamba dai hilo lipelekwe kwenye fedha na kwenye teknolojia, ambako linaweza kuzaa kitu, na liache kuwa ukuta kati yetu na watu ambao tunalia nao kilio kimoja.

Baku, Novemba 2024, ilituonyesha gharama ya utengano huo. Visiwa vidogo na nchi zenye maendeleo duni zilitoka chumbani kwa hasira. Zilikuwa zimeomba kiwango cha chini cha fedha za tabianchi kilichotengwa kwa ajili yao: dola bilioni 39 kwa mwaka kwa visiwa, bilioni 220 kwa nchi zenye maendeleo duni. Ndani ya Kundi la 77 lenyewe hapakuwa na makubaliano juu ya mgawo huo. Mwishowe ikapitishwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, bila ya sehemu iliyotengewa mtu yeyote. Aliyepata nafuu siku ile hakuwa Mwafrika wala mtu wa kisiwa.

La pili ni gesi na mafuta, na hili sitalizunguka. Tuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, tuna mipango ya Lindi, na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, ng'ambo ya bahari tu kutoka Pemba. Visiwa vinataka dunia iachane na nishati hizo. Mjumbe wetu anajikuta yuko kati, na aliye kati hunyamaza. Naomba asinyamaze. Rasimu ya kwanza kabisa ya itifaki ya kupunguza hewa chafu, iliyotaka nchi tajiri zipunguze asilimia 20 ifikapo 2005, iliwasilishwa Septemba 1994 kwa niaba ya visiwa na Trinidad na Tobago, nchi inayoishi kwa mafuta na gesi. Guyana, iliyoanza kuchimba mafuta mwishoni mwa 2019, bado ni mwanachama wa muungano huo. Kuwa na gesi hakumfungi mtu mdomo. Semeni ukweli wetu: kwamba tuna watu ambao hawajafikiwa na umeme, kwamba tunahitaji muda na mtaji wa kubadilika, na kwamba pamoja na hayo tunakubali kuwa wenye viwanda vikubwa na utajiri wa karne mbili watangulie kuacha, tena kwa tarehe. Kile ninachokiogopa ni gesi yetu kutumiwa na wengine, wenye visima vikubwa kuliko vyetu, kama ngao yao.

La tatu ni meli, na hapa nazungumza na wajumbe wetu wa London, kwenye shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini. Tangu mwaka 2021 Visiwa vya Marshall na Visiwa vya Solomon vimekuwa vikidai meli za kimataifa zitozwe dola 100 kwa kila tani ya hewa ukaa, fedha ziende kwenye kuhama kwa nchi maskini kutoka mafuta machafu. Visiwa vya Marshall ni moja ya nchi zenye daftari kubwa kabisa la meli duniani; vinataka kutoza meli zinazopeperusha bendera yao wenyewe. Oktoba 2025 mpango uliopunguzwa makali ulipoletwa upitishwe, nchi 57 zilipiga kura uahirishwe mwaka mzima dhidi ya 49. Zanzibar nayo ina daftari la meli za kigeni, zinazopita baharini kwa bendera ya Tanzania. Suala litakaporudi, kura yetu ikae upande wa Wamarshall. Wao wamekubali kuumia kwanza, sisi hatuna udhuru.

Yapo na mambo ambayo hayahitaji kura ya mtu.

Visiwa vimepigania kwa miaka mingi kipimo kipya cha udhaifu wa nchi, na Agosti 2024 Baraza Kuu likakikubali. Sababu ni rahisi kuielewa. Mikopo nafuu hutolewa kwa kutazama wastani wa pato la mtu, na kwa kipimo hicho Ushelisheli ni nchi tajiri. Lakini mwaka 2017 kimbunga Maria kilipopiga Dominika, kwa usiku mmoja kiliharibu mali ya thamani zaidi ya mara mbili ya pato la nchi la mwaka mzima. Wastani hausemi habari hiyo. Na kwetu ni hivyo hivyo: takwimu za Tanzania nzima zinaizamisha Pemba. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60 haiwezi kuonekana dhaifu kwa namna ya kisiwa, ingawa ndani yake visiwa vimo, na siku boti haziendi, chakula na dawa haziendi. Kubalini kipimo hicho kitumike kweli kwenye Benki ya Dunia na kwingineko, kisha kitumieni hapa nyumbani, kwa kila kisiwa mbali.

Mfuko wa hasara na uharibifu, bodi yake ilipokutana Barbados Aprili 2025, ulitenga dola milioni 250 za kuanzia, na angalau nusu yake ni ya visiwa vidogo na nchi zenye maendeleo duni. Sisi tumo kwenye kundi hilo la pili. Ombi la Tanzania litakapoandikwa, mabonde ya mpunga ya Pemba na mashamba ya mwani ya Unguja yawe ndani yake kwa majina yao. Wakomoro, waliopigwa na kimbunga Kenneth Aprili 2019, wameshajifunza kuhesabu hasara kwa namna inayokubalika kwenye vikao. Lugha yao tunaielewa nusu bila ya mkalimani. Waiteni Unguja watufundishe.

Tena, watu. Msitubadilishie wajumbe kila mwaka. Kijana aliyeanza kufuata mada ya bahari aachwe nayo miaka kumi, apandishwe cheo humo humo, na asafiri kwa sababu anajua faili. Kwenye kila ujumbe awemo mtaalamu kutoka taasisi za Zanzibar mwenye kusema na kuandika aya, si wa kujaza safu ya nyuma. Njenga na Salim walikuwa vijana walipofanya yale waliyoyafanya.

Ombi jingine ni dogo kwa mwonekano. Tarehe 13 Desemba 2023, Dubai, nyundo ya kupitisha makubaliano iligongwa wakati wajumbe wa visiwa vidogo wako chumba kingine, bado wanashauriana juu ya maandishi hayo hayo. Anne Rasmussen wa Samoa aliingia ukumbini akaeleza kwamba uamuzi umepita wao wakiwa hawamo. Ukumbi mzima ulisimama ukampigia makofi marefu, lakini uamuzi ulikuwa umeshapita. Ujumbe wetu ni mkubwa kuliko wao. Mnaweza kumweka mtu mmoja ukumbini, saa zote za usiku wa mwisho, mwenye mamlaka ya kunyanyua kibao cha Tanzania na kusema: Mheshimiwa Rais, wenzetu wa visiwa hawajaingia, tunaomba isubiriwe. Dakika moja ya sauti ya mwenyekiti wa Afrika ingetosha.

Na mkirudi, njooni Wete, Chake Chake na Mkoani mtupe habari kwa Kiswahili, kwenye redio na kwenye mabaraza. Leteni rasimu zenyewe. Tutataka kujua aya ipi ilibaki, ipi iliondolewa, nani aliiondoa, na Tanzania ilisema nini wakati inaondolewa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi, Pemba